Mruko wa Upondo Husomwa Miguuni

Asubuhi ya Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya riadha ya dunia. Alimpita Amanal Petros wa Ujerumani mstarini kabisa, na wote wawili wakaandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48. Jioni, katika uwanja huohuo, Armand Duplantis wa Sweden akaruka mita 6.30 kwa upondo, rekodi mpya ya dunia. Huhitaji kuuliza ni lipi kati ya hayo lilijaza vijiwe vya Kahama na Geita. Mbio tunazijua. Upondo tunauona kwenye simu, sekunde chache tu: mtu anapinduka angani, anaangukia godoro, basi.

Ndiyo maana mwalimu anayetaka kuwaanzishia vijana mchezo huu hukwama hata kabla ya kuwaza vifaa, kwa kuwa hajui mruko mzuri unafananaje. Akiweka ufito, atampongeza aliyeuvuka, na mara nyingi aliyeuvuka ni yule mrefu mwenye misuli, ambaye huenda ndiye anayeruka vibaya kuliko wenzake wote.

Majirani zetu wa Rwanda waliwahi kuwachanganya wageni kwa namna hiyo. Mwaka 1907 Mjerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg alipofika kwa Mwami, mfalme wa nchi hiyo, aliwakuta vijana wakishindana kuruka juu ya kamba, na akaandika kwamba waliofaulu zaidi walifika mita 2.50. Picha za siku zile bado zinazunguka, na kila anayeziona hukodolea macho mwili ulioning'inia hewani. Mjuzi hutazama chini. Kwa maelezo ya mgeni huyohuyo, vijana wale walikanyaga kichuguu cha mchwa chenye kimo cha futi moja hivi, ndipo wakaruka. Ukitaka kubishana kuhusu zile mita 2.50, anzia kwenye kichuguu.

Usukumani jicho letu limefunzwa na makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu, ambayo ushindi wao ni kuvuta watu: ngoma iliyozungukwa na umati mkubwa ndiyo iliyoshinda. Kwenye upondo, umati ni hakimu mbaya. Hupiga kelele mtu akiwa juu, wakati mambo yote yamekwisha kuamuliwa.

Tuanze na ardhi. Ukipewa nafasi ya kuchagua pa kukimbilia, chagua luseni, ule udongo wa kichanga wa miinukoni, uiache mbuga. Mbuga ya Shinyanga hupasuka kiangazi na kunata masika, na mkimbiaji anayeogopa kujikwaa hawezi kuinua macho. Luseni ina faida nyingine: hutunza alama ya unyayo, na alama hiyo tutaihitaji.

Mwanzoni kijana hahitaji godoro wala kisanduku cha kuchomekea upondo. Shimo la mchanga la kuruka mbali linatosha, mradi mchanga uwe umetifuliwa na upondo ushikwe chini. Ila uulize mchanga umetoka wapi. Kwenye ukanda wa dhahabu kuna marundo ya marudio, yale mabaki ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa, kila upande, laini, karibu, tena ya bei nafuu, na anayejenga kiwanja kwa haraka atashawishika. Marudio yamepita kwenye karasha na mwalo, na mengi yamebaki na zebaki. Mtoto ataanguka humo kifudifudi na kuvuta vumbi lake puani. Mchanga uliochotwa mtoni, mbali na mialo, ni kazi zaidi, lakini hapa sina mjadala.

Sasa upondo wenyewe. Mrunda wa mkaratusi, unaoshikilia zege kwa mafundi, ni mzito mno kwa mwanafunzi. Uzito wa ncha humvuta mbele, mabega yanainama, mbio zinakufa. Mwanzi ni afadhali, na usiudharau: Mmarekani Cornelius Warmerdam aliruka mita 4.77 kwa mwanzi mwaka 1942, na rekodi hiyo ilidumu miaka kumi na mitano. Upitishe viganja kutoka pingili hadi pingili, ukitafuta ufa mwembamba unaokwenda na urefu wake. Ugonge kwa kifundo cha kidole. Mwanzi mzima hulia mlio mmoja kote, wenye ufa hutoa sauti ya kupwaya mahali palipopasuka. Uuzungushie utepe wa kitambaa kati ya pingili na kuivisha ncha mpira wa baiskeli. Ukilalamika hata mara moja ukiwa umebeba mtu, umekwisha kazi, ukawe uzio wa bustani.

Kipimo cha kushika ni rahisi. Kijana ausimamishe upondo wima, anyooshe mkono juu kadiri awezavyo bila kuinua visigino. Mkono wake wa juu ukae hapo, au shibiri moja juu zaidi, asipande zaidi ya hapo kwa siku za mwanzo. Anayetumia mkono wa kulia aweke huo juu, na mguu wake wa kurukia utakuwa wa kushoto. Atapita upande wa kulia wa upondo. Ukimwona anapita kushoto, mikono na miguu yake haijapatana, mrudishe kwenye kutembea.

Hatua sita zinamtosha. Zisikilize kabla ya kuzitazama. Mbio nzuri huongeza kasi kuelekea mwisho, na mapigo ya miguu yanakaribiana. Anayeogopa hunyoosha hatua mbili za mwisho, au hupiga kijihatua cha kurekebisha, na sikio hulinasa kosa hilo hata ukiwa umempa mgongo. Mikono nayo ianze kupanda mapema, hatua tatu kabla ya kuruka, kutoka nyongani, ipite sikioni, ifike juu ya kichwa. Wengi wanaoanza husubiri upondo ugonge mchanga ndipo wainue mikono. Hapo upondo huwapiga kizuizi kifuani, na wanabaki kuning'inia kama magunia.

Penye uzito wote wa somo ni mguu wa kurukia. Mwambie kijana achomeke upondo mchangani na kusimama ameushika juu kabisa, mkono wa juu umenyooka. Dondosha kijiwe kutoka kwenye mkono huo. Pale kilipoangukia, chora mstari. Kisha aruke, nawe usimfuate kwa macho angani. Nenda ukainamie unyayo wake. Vidole vikiwa mstarini au nyuma kidogo, mruko ulikuwa hai. Vikiwa mbele ya mstari, mwili ulikuwa umetangulia mkono, bega lilivutwa nyuma na mgongo ukapinda. Huyo hata kama alikwenda mbali kuliko wote, msogeze mwanzo wake nyuma. Vitaly Petrov, aliyemfundisha Sergey Bubka huko Donetsk, alishikilia kwamba mrukaji awe ameacha ardhi kabla upondo haujabeba uzito wowote. Kwa mwanafunzi wa shule ya sekondari hilo ni lengo la mbali, lakini unyayo utakuonyesha kama anaelekea huko.

Yaliyobaki angani si mengi kwa anayeanza. Goti la kulia lipande, mguu wa kushoto ubaki mrefu na kufagia kutoka nyuma. Akikunja magoti yote mawili mapema, ana haraka ya kukaa. Kupinduka miguu juu kusubiri miezi.

Nitaonya pia kuhusu pondo za nyuzi za kioo zinazopinda. Zina alama ya uzito wa mwili, na mtu asitumie iliyoandikwa uzito mdogo kuliko wake. Na kupinda kwenyewe kusikutie kiwewe. Kunatokana na kasi na mruko. Anayeuvuta upondo kwa mikono ili upinde anaiga picha ya simuni. Siku ya ufito nayo itahitaji eneo la kuangukia la kweli: mashindano makubwa ya dunia hudai lisilopungua mita 6 kwa 6 na kimo cha sentimita 80, na godoro la kuruka juu la shule halikaribii hapo.

Hadi siku hiyo, kipimo cha maendeleo ni kama upondo unafika wima na kuvuka. Ukisimama njiani na kumrudisha kijana alikotoka, ateremshe mikono upana wa kiganja kimoja. Ukivuka kwa urahisi mara kadhaa mfululizo, na unyayo haujagusa mbele ya mstari, apande kiganja kimoja.