Ufundi wa Kufikisha Ujumbe

"Nimelipa tangu asubuhi, ujumbe wa M-Pesa ninao, lakini oda bado inasoma haijalipwa." Mhudumu yeyote wa duka la mtandaoni jijini Nairobi anaweza kuyakariri maneno haya akiwa amefumba macho. Lalamiko linaingia kwenye programu ya huduma kwa wateja, tuseme Zendesk, linapewa namba ya tiketi na kupanga foleni. Anayeweza kulimaliza ni mhandisi anayeuona mfumo wa malipo, na mhandisi huyo hafungui Zendesk kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Yeye anashinda Slack, kwenye vikundi vya gumzo la kazini. Huenda wawili hao wamekaa chumba kimoja, meza zao zinatazamana, na bado mteja akasubiri hadi jioni.

Ofisi nyingi hulitatua jambo hili kwa mkono. Mhudumu ananakili maelezo ya mteja, anayabandika kwenye kikundi, anaongeza "jamani, nani aniangalizie hii?" Akirudi baada ya nusu saa anakuta swali lake limezikwa chini ya pongezi za mtu aliyepata mtoto. Jibu likija, sharti alinakili upya, alirudishe kwenye tiketi, na asisahau. Akiwa na tiketi tatu anaweza. Zikifika sitini, yupo mteja atakayesahaulika, na hakuna atakayejua ni yupi mpaka alalamike tena, safari hii kwa hasira na hadharani.

Kazi ya kuziunganisha programu hizo mbili ili zipashane habari zenyewe haina cheo. Anayeifanya mara nyingi ni mhudumu mdadisi, au mhandisi aliyechoka kuulizwa. Ikifanywa vizuri haionekani, na hiyo ni sababu tosha ya kuisifu kwa sauti.

Programu zenyewe hazikuzaliwa ndugu. Zendesk ilianzishwa Copenhagen mwaka 2007 na Mikkel Svane, Alexander Aghassipour na Morten Primdahl, waliotaka kulirahisisha dawati la malalamiko. Slack ilitoka kwenye mchezo wa kompyuta. Stewart Butterfield na wenzake wa kampuni ya Tiny Speck walikuwa wakitengeneza mchezo uitwao Glitch, wakajiundia chombo cha kuzungumza wao kwa wao. Mchezo ukafungwa mwaka 2012, chombo kikaonyeshwa kwa umma mwaka uliofuata, na mwaka 2021 Salesforce ikakinunua kwa zaidi ya dola bilioni 27. Mchezo uliokufa uliacha urithi mnono kuliko michezo mingi iliyo hai.

Kuzipatanisha programu za namna hii bila kuandika msimbo ndiyo biashara ya Zapier, iliyoanzishwa mwaka 2011 mjini Columbia, Missouri, na Wade Foster, Bryan Helmig na Mike Knoop. Baadaye ikapata wenzake: Make ya Prague, iliyokuwa ikiitwa Integromat, na n8n ya Berlin, iliyotoka mwaka 2019 na ambayo mtu anaweza kuiweka kwenye seva yake mwenyewe. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko zote hizo. Mwaka 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs aliandika kwamba programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani: ukihitaji kipande kingine, unakikaza mwishoni. Mwenzake Ken Thompson alilitimiza hilo ndani ya mfumo wa Unix mwaka 1973.

Kwenye kukaza ndipo ufundi unapoanza.

Chukua lile lalamiko la malipo. Tiketi inapofunguliwa ikiwa na neno "nimelipa", Zendesk inatuma taarifa papo hapo kwenye anwani iliyopangwa. Mtiririko wa hatua uliopangwa kuipokea unaanza kwa kutafuta msimbo wa muamala, ule wenye herufi na tarakimu kumi. Si kazi ya kitoto. Wapo wateja wanaoandika herufi O mahali pa sifuri, na wapo wanaobandika ujumbe mzima pamoja na salio lao. Msimbo ukipatikana, mtiririko unaiuliza Daraja, huduma ya Safaricom kwa waandaaji wa programu, kama muamala huo upo na umekamilika. Daraja haitoi matokeo hapo hapo. Inasema imepokea swali, kisha inaleta matokeo baadaye kwenye anwani nyingine, na fundi ni lazima awe amepanga namna ya kujua ni tiketi ipi iliyokuwa ikiyasubiri. Ndipo ujumbe mmoja unapotua Slack: namba ya oda, kiasi, hali ya muamala, kiungo cha tiketi. Mhandisi anakuta nusu ya kazi imekwisha.

Halafu kuna jambo dogo linalomtenga fundi na mwanagenzi. Slack huutambua kila ujumbe kwa wakati ulipoandikwa, unaohesabiwa kwa sekunde, kisha nukta na tarakimu sita, mfano 1712345678.123450. Alama hiyo ikihifadhiwa kwenye tiketi, kila neno jipya la mteja litawekwa chini ya ujumbe ule ule, mazungumzo yakabaki pamoja. Lakini programu nyingi zikiona tarakimu huzichukulia kuwa namba ya hesabu, na katika hesabu ile sifuri ya mwisho haina thamani. Inadondoka. Slack haiutambui tena ujumbe, na jibu la mteja linakosa pa kukaa. Kwa kuwa hutokea tu pale alama inapoishia na sifuri, kosa hili linaweza kumsumbua mtu wiki nzima huku kila jaribio likimwambia mambo yako sawa. Mwenye uzoefu huihifadhi alama kama maandishi tangu siku ya kwanza, wala hasimulii.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye safari ya kurudi. Tiketi ya Zendesk ina maneno ya aina mbili: yale anayoyaona mteja, na yale ya ndani yanayoonwa na wahudumu peke yao. Programu nyingine inapoandika kwenye tiketi bila kutaja ni aina gani, Zendesk huyachukulia kuwa ya mteja. Sasa fikiria mhandisi aliyekesha, anaandika Slack kwamba huyu naye kakosea namba, wateja wengine jamani, na mtiririko mwaminifu unayabeba maneno hayo hadi kwenye barua pepe ya mteja mwenyewe. Fundi mzuri hufunga njia hiyo kwanza. Kila litokalo Slack linaingia kama dokezo la ndani, na mhudumu ndiye anayelisoma, analipa adabu, analituma.

Mengine ni ya kawaida kwa wenye kazi yao, ingawa huumiza wageni. Slack inataka programu inayopokea taarifa zake iitikie ndani ya sekunde tatu, la sivyo inatuma tena, na mtiririko usiokumbuka ulichokwisha kukifanya utafungua tiketi mbili za tukio moja. Roboti wawili wasiotambuana wanaweza kujibizana bila kikomo, ugonjwa ambao barua pepe za kujijibu zilikuwa nao zamani kiasi kwamba mwaka 2004 uliandikwa mwongozo wa kimataifa wa kuudhibiti.

Lakini kipimo halisi cha fundi ni yale anayokataa kuyapeleka. Kosa la kila anayeanza ni kumwaga tiketi zote kwenye kikundi kimoja cha Slack. Siku ya kwanza watu wanashangilia. Muda si mrefu kila mtu amezima arifa za kikundi hicho, na hali ni mbaya kuliko awali kwa sababu mhudumu anaamini kwamba ujumbe umefika. Mtiririko uliotulia hupeleka tiketi chache zinazomhitaji mhandisi kweli, kwa mtu aliye zamu. Namba ya simu ya mteja, salio lake na nakala ya kitambulisho vinabaki kwenye tiketi, kwani waliomo kikundini hawana haja navyo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilitunga yake 2022, na fundi anayezijua humwepusha mwajiri wake na mengi.

Basi mwenye ofisi, kama wateja wako wanajibiwa upesi siku hizi na hujui sababu, ulizia. Huenda ni kijana mmoja aliyeziunga programu hizo kwa akaunti yake binafsi ya kazini. Siku atakapoondoka na akaunti yake kufungwa, maunganisho yatakatika bila kelele, na tiketi zitaanza kurundikana. Mwambie ayahamishie kwenye akaunti ya kampuni, aandike ukurasa mmoja unaoeleza yanavyofanya kazi, na saa za kazi hiyo ziingizwe kwenye malipo yake.