'Illiterate' si 'Mjinga'

Katika tafsiri zetu nyingi, neno la Kiingereza 'illiterate' limefasiriwa kuwa 'mjinga'. Tafsiri hiyo ina kasoro, nayo yafaa isahihishwe.

Asili ya neno hilo ni 'illitteratus' la Kilatini, yaani asiye na herufi. Huko Ulaya, katika Zama za Kati, liliweza kumtaja hata mtu aliyesoma lugha yake mwenyewe, mradi hakujua Kilatini. Ni dhahiri basi kwamba neno hilo lilipima ujuzi wa maandishi, wala halikupima akili.

'Mjinga', kinyume chake, humhukumu mtu kwa jumla. Kampeni ya 'kufuta ujinga', iliyoenea Tanzania baada ya 1970 kutangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ilileta manufaa makubwa. Lakini jina lake liliwatia mkunga na mhunzi, mabingwa wa kazi zao, katika fungu la wajinga kwa kukosa herufi tu.

Tena, kutosoma shule si kutojua kusoma. Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake mashuhuri katika karne ya 19, kabla ya shule za serikali.

Kwa hiyo mfasiri na atenganishe mambo matatu: 'asiyejua kusoma na kuandika', 'asiyepata elimu ya shule', na 'mjinga'. Urefu wa maneno si hoja. Afadhali fomu iongezeke mstari mmoja kuliko raia kutukanwa na serikali yake.