Juni 2016: Simu Zilizimwa, Mwagizaji Akaachwa

Uamuzi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania wa kuzima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016 umesifiwa mara nyingi kuwa ni kazi ya kiufundi iliyofanikiwa, na kwa upande wa mitambo sifa hiyo ni ya haki, kwa sababu Rajisi ya Namba Tambulishi iliyozinduliwa Desemba 2015 ilifanya kazi iliyokusudiwa. Kilichokosewa, na kukosewa waziwazi, ni utaratibu wa hatua zenyewe. Simu zaidi ya laki sita zilizimwa mikononi mwa wanunuzi kabla namba zake hazijageuzwa kuwa madai dhidi ya walioziingiza nchini, na hivyo lalamiko kubwa kuliko yote ambayo watumiaji wa vifaa vya mkononi wangeweza kuwasilisha lilizimwa pamoja na simu hizo.

Namba tambulishi ni tarakimu 15 ambazo simu huzionyesha mtu anapobonyeza *#06#. Nane za mwanzo hutaja modeli, sita zinazofuata hutaja kifaa kimoja mahususi miongoni mwa vyote vya modeli hiyo, na ya mwisho hutumika kuhakiki kwamba zilizotangulia hazikuandikwa vibaya. Simu nyingi zinapokutwa na namba moja, au simu ya chapa moja inapobeba namba ya chapa nyingine, kosa limefanyika kiwandani au katika karakana ya mghushi, likapitia kwa mwagizaji na muuzaji wa jumla, ndipo likamfikia mnunuzi asiye na chombo cha kuligundua. Rajisi ilikuwa imeshika orodha ya makosa hayo, kifaa kwa kifaa. Hakuna wakili wa mlaji aliyewahi kupewa jalada la namba hizo.

Yafaa kuutazama usiku ule kwa makini, kwa kuwa ndipo haki ilipoponyoka. Mkulima wa Ngaramtoni au mfanyabiashara mdogo wa Usa River aliyenunua simu katika maduka ya mjini Arusha alibaki na kifaa kilichowaka taa lakini kisichoshika mtandao. Kabla ya kuzimwa, fundi angeweza kuonyesha kwamba simu inashuka mawimbi, inachemka ikiwa kwenye chaji, au inavimbisha betri. Baada ya kuzimwa, muuzaji angeweza kujibu kwamba iliyozima ni serikali, wala si ubovu wa bidhaa yake, na jibu hilo lisingekuwa rahisi kupanguliwa. Hatua iliyokusudiwa kumlinda mlaji ilimpokonya ushahidi, ikampa muuzaji kisingizio.

Haiwezi kusemwa kwamba nyenzo za kisheria zilikosekana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, ina masharti kuhusu wajibu wa mtengenezaji na kuhusu kurejeshwa kwa bidhaa zisizo salama, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu moja kwa moja bidhaa zenye chapa za kughushi. Miezi sita ya mpito ilitumika kuwahimiza wananchi wahakiki simu zao, ilhali miezi hiyohiyo ingetosha kukusanya namba, risiti na majina ya maduka, kuyafuata hadi kwa waagizaji, kudai marejesho ya fedha, kisha ndipo kuzima. Kenya ilikuwa imeshazima simu zaidi ya milioni moja mwishoni mwa Septemba 2012, na mzigo ukamwangukia mnunuzi vilevile. Tanzania ilikuwa na karibu miaka minne ya kujifunza kwa jirani.

Kuna kosa la pili ndani ya lile la kwanza. Rajisi huthibitisha utambulisho wa kifaa, haithibitishi ubora wake, na simu halali ambayo tundu lake la chaji hulegea, likatengenezwa, likalegea tena, hupita katika mtambo huo bila shaka yoyote. Mwenye simu ya namna hiyo hupewa nyingine ya modeli ileile, naye huhesabiwa kuwa ameridhishwa. Kwamba kubadilishiwa kifaa si tiba ilidhihirika mwaka uleule wa 2016, pale Samsung ilipoziita Galaxy Note 7 zirudishwe tarehe 2 Septemba, zipatazo milioni 2.5, ikagawa nyingine zenye betri za mtoaji mwingine, nazo zikashika moto, mpaka uzalishaji ukasitishwa tarehe 11 Oktoba. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha kasoro mbili tofauti: betri za kwanza zilibanwa pembeni, na za pili zilikuwa na mabaki ya ulehemu yaliyotoboa ndani. Simu mbadala zilitolewa kabla chanzo hakijajulikana, na hilo ndilo jambo ambalo mlalamikaji anayerudishiwa kasoro ileile anapaswa kulishikilia: adai maelezo ya chanzo kwa maandishi kabla ya kupokea kifaa kingine.

Eneo la Mlima Meru, walipo mkulima na mfanyabiashara wale, kati ya maeneo yote, halikupaswa kufundishwa jinsi ya kulalamika. Wameru walipoondolewa kwa nguvu na serikali ya kikoloni huko Engare Nanyuki mwezi Novemba 1951, walichangishana fedha, wakamtuma mwakilishi wao, Kirilo Japhet, hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952, na madai yao yalilenga ardhi inayotambulika kwa namba, yaani mashamba Na. 31 na Na. 328. Azimio la kuwaunga mkono halikufikisha theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, lakini ustadi wa lalamiko lenyewe haujapitwa: kitu kilitajwa kwa namba yake, aliyetenda alitajwa, na wengi walizungumza kwa sauti moja mbele ya chombo chenye mamlaka juu ya mtawala. Mwaka 2016 namba zilikuwepo kwa malaki, na hakuna aliyezibeba.

Hata kuiandika kasoro yenyewe kumekuwa kugumu. Watengenezaji wa redio za zamani, Philips iliyokuwa na kiwanda Arusha ikiwa mmoja wao, walitoa vitabu vya ufundi vyenye michoro ya saketi, hivyo fundi aliweza kuandika ni kipande gani kilichoungua. Fundi simu wa leo hufanya kazi bila mchoro rasmi, na kadi ya waranti hudai kifaa kifikishwe kituo cha chapa husika, ambacho kwa chapa kadhaa kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Arusha, kwa nauli inayoweza kuzidi thamani ya matengenezo.

Rajisi bado ipo. Anayetuma namba tambulishi kwenda 15090 hujibiwa kwa kutajiwa chapa na modeli ya simu yake. Jibu hilo lingepaswa kutaja pia aliyeiingiza nchini, na kupokea kutoka kwa mtumaji maelezo ya kasoro na tarehe ya ununuzi, ili modeli inayolalamikiwa mara kwa mara ipelekwe Tume ya Ushindani ikiwa na orodha ya namba zake, simu zikiwa bado zinawaka.