Heko kwa Wachanganyaji wa Dawa

Mgeni akiulizwa alikunywa nini Nairobi, mara nyingi hutaja Dawa. Kokteli hiyo imejengewa jina na mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980, ambako hunywewa pamoja na nyama choma. Ni ndugu wa caipirinha ya Brazili: pombe ya miwa imeondoka, ikaingia vodka, na asali ikaja juu ya kijiti cha mbao.

Pongezi zangu ni za wahudumu wa kaunta. Ndimu hukatwa vipande na maganda yake, ikapondwa na sukari kidogo ndani ya bilauri. Hapo ndipo ufundi ulipo. Ganda likibanwa kiasi, hutoa mafuta yenye harufu. Likipondwapondwa bila huruma, ule weupe wa ndani huleta uchungu usioondoka. Mhudumu hodari hujua kwa mkono mahali pa kuachia. Kisha barafu, kisha vodka.

Asali nayo huganda kwenye baridi, haichanganyiki upesi. Ndiyo maana anayekunywa hupewa kijiti: anaponda, anakoroga, anaonja, na utamu unapanda taratibu kadiri apendavyo. Naiona hii kuwa heshima kubwa kwa mteja, kumwachia neno la mwisho.

Nyumbani inawezekana kabisa, maana vifaa vyote vipo sokoni. Tafuta ndimu zenye maji mengi na asali halisi, na usiharakishe kuponda. Lakini ukiwa Nairobi, kaa kaunta, utazame mikono ile, na umshukuru mhudumu waziwazi.