Vitabu Ndani ya Telefone: Vinatufaa Nini kwa Kusoma Neno la Mungu?

Zamani mwanaseminari aliyetaka kujua maana ya neno moja la Kigiriki alikwenda biblioteka, akaomba ufunguo, akapangusa vumbi, akafungua diksionere kubwa, na mara nyingine akakuta ukurasa ule umekwisha kuliwa na mchwa. Leo anatoa telefone mfukoni, anagusa neno kwa kidole, na maana yake inatokea. Vijana wanafurahi, walimu wengine wanahuzunika. Sisi tumezitumia programu hizo za Biblia tangu seminari kubwa, na sasa tunazitumia katika parokia. Tumeona vema kuzipima mbele ya wasomaji wetu, bila kuzisifu mno na bila kuzilaani.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kazi hii haikuanzishwa na wafanyabiashara tu. Mmoja wa watu wa kwanza alikuwa padri, Roberto Busa, Mjezuiti wa Italia, aliyekufa mwaka 2011. Alikuwa anachunguza mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino juu ya kuwapo, yaani «praesentia». Akaona kwamba kutafuta neno lile peke lake hakutoshi, kwa maana mafundisho yenyewe yameshikamana na neno dogo kabisa la Kilatini, «in», maana yake «ndani ya». Basi akaandika kwa mkono kadi 10.000, kila moja na sentensi yenye neno hilo. Mwaka 1949 akaenda New York kuomba msaada wa kampuni ya IBM. Kazi ikadumu miaka thelathini. Index Thomisticus ilichapwa kati ya miaka 1974 na 1980 katika vitabu 56, na ndani yake yamepangwa maneno karibu milioni 11. Leo mtu yeyote anaweza kutafuta humo kwa intaneti bila kulipa.

Lakini tuangalie vizuri. Mashini haikumwambia Padri Busa kwamba «in» ni neno la maana. Yeye alikuwa amekwisha kumsoma Tomaso, naye ndiye aliyeiambia mashini itafute nini. Hapo ndipo penye shauri lote. Mashini hujibu upesi sana, lakini haijui kuuliza.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hilo kwa haya. Mwaka wetu wa kwanza wa upadri tulihubiri juu ya Evanjili ya Yoane, sura ya 21, pale Bwana anapomwuliza Petro mara tatu kama anampenda. Programu ilituonyesha kwamba Kigiriki kina maneno mawili: mara mbili Bwana anatumia «agapao», mara ya tatu «fileo», na Petro anajibu «fileo» siku zote. Tukaeleza kwa sauti kubwa kwamba la kwanza ni upendo wa kimungu, la pili ni upendo wa kibinadamu tu, na kwamba Petro hakuweza kufika juu, basi Bwana akamshukia. Watu walinyamaza, nasi tukadhani wameguswa.

Kisha Misa, katekista mmoja mzee akatufuata sakristia. Akasema: «Padri, samahani. Bwana alisema na Petro Kigiriki?» Tukajibu kwamba yaelekea walisema Kiaramayo. Akafikiri, akasema tena: «Mimi nilikuwa nafikiri juu ya moto. Petro alimkana Bwana akiota moto. Na siku hii tena kuna moto.»

Jioni tulifungua programu ile ile, safari hii kwa haya. Tukatafuta maneno yale mawili katika Evanjili nzima ya Yoane. Katika 3,35 Baba anampenda Mwana kwa «agapao». Katika 5,20 anampenda kwa «fileo». Mwanafunzi aliyependwa na Yezu anaitwa hivyo kwa neno la kwanza katika 13,23, na kwa neno la pili katika 20,2. Kumbe Yoane anayabadilisha tu! Tena katika Agano la Kale la Kigiriki, tamaa mbaya ya Amnoni kwa dada yake Tamari (2 Sam 13) imeandikwa kwa «agapao». Huo si upendo wa kimungu hata kidogo. Mahubiri yetu yalikuwa yamesimama hewani.

Halafu tukatafuta moto wa katekista. Neno la Kigiriki ni «anthrakia», moto wa makaa. Katika Agano Jipya lote linaonekana mara mbili tu: Yoane 18,18, katika ua wa kuhani mkuu, na Yoane 21,9, kando ya ziwa. Mara tatu Petro alikana mbele ya makaa, na mbele ya makaa anaulizwa mara tatu. Mzee yule hakuwa na programu. Alikuwa amesikia Evanjili miaka arobaini, na masikio yake yalikuwa wazi. Mashini ilithibitisha tu aliyokuwa anayajua.

Kwa hiyo hatusemi: tupeni telefone. Ilitudanganya asubuhi sababu tuliangalia mstari mmoja. Jioni ilitusahihisha sababu tulisoma kitabu kizima. Lakini kabla ya kuiamini biblioteka ya namna hiyo, mwanaseminari aulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Biblia hii ni nzima? Programu nyingi za bure zilitengenezwa na ndugu zetu Waprotestanti, kwa bidii ambayo ingetupasa sisi kuiiga. Lakini Biblia zao nyingi zina vitabu 66. Tobiti, Yuditi, Hekima, Ben Sira, Baruku na vitabu viwili vya Wamakabayo havimo. Mtu akitafuta humo sala kwa ajili ya wafu, hatapata 2 Mak 12. Na mashini haimwambii «sina kitabu hicho», inamwambia «hakuna».

Swali la pili: kitabu hiki ni cha mwaka gani? Vingi ni vya bure kwa sababu ni vya zamani, na haki ya mwandishi imekwisha. Maelezo ya Matthew Henry, yanayopatikana karibu katika kila programu ya bure, ni ya mtu aliyekufa mwaka 1714. Namba za Strong, ambazo vijana wanazigusa kila siku, zilitoka mwaka 1890 ili kusaidia wasomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Hao hawakuona maandiko ya Qumran yaliyoanza kupatikana mwaka 1947, wala hawakusoma Divino afflante Spiritu ya mwaka 1943 ao Dei Verbum ya mwaka 1965. Hata Catholic Encyclopedia iliyo katika intaneti ni ya miaka 1907 mpaka 1912. Tumeona kazi ya mwanaseminari aliyeieleza liturujia ya leo kwa maneno ya kitabu hicho, kama kwamba Mtaguso haujakutana.

Swali la tatu: itakuwa yetu mpaka lini? BibleWorks, iliyopendwa sana na walimu wa Maandiko tangu mwaka 1992, ilifunga kazi mwaka 2018. Logos, na Verbum iliyotengenezwa kwa ajili ya Wakatoliki, zina utajiri mwingi, lakini bei yake ni kubwa kuliko mfuko wa padri wa kijijini. Tena mara nyingi unachonunua ni ruhusa ya kusoma, si kitabu cha kuachia wadogo zako. Basi biblioteka za karatasi zisiachwe kwa mchwa.

Kwa wale wanaoanza tunashauri hivi. AndBible ni ya bure, na ukisha kuteremsha vitabu haiombi mega wala intaneti. Chagueni humo tafsiri ya Kifaransa ya Padri Crampon (1923), ambayo ni Biblia nzima. Masomo ya Misa yako kwa AELF, hati za Mapapa na za Mtaguso ziko kwa vatican.va, na Tomaso mzima wa Kilatini yuko katika Corpus Thomisticum.

Lakini kabla ya kugusa neno kwa kidole, someni sura nzima kwa sauti, mara tatu, na kuandika kwa karatasi swali lenu wenyewe. Na mkisha kupata jibu, mkamwulize pia mzee katekista amesikia nini.