Msimulizi Ameyajuaje? Utabiri wa Sakawa na Usadikifu wa Hadithi za Wakati Ujao

Msimulizi wa hadithi ya kisayansi anayetueleza mambo ya karne zijazo ameyajuaje? H. G. Wells, katika The Time Machine (1895), alilikabili swali hili kwa kuweka wasimulizi wawili: msafiri anaeleza alichokiona, na mgeni wake anatueleza alichokisikia. Ushahidi unaobaki mkononi ni maua mawili yaliyonyauka. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), hakuhitaji maua. Msimulizi wake anamfuata Dzombo hadi sayari nyingine bila kudaiwa hati ya kusafiria, kwani jina la sayari hiyo, likitamkwa polepole, latuambia kwamba hatujaondoka nyumbani.

Tunadai kwamba swali hili lilikwisha kupata jibu katika fasihi simulizi ya Abagusii, huko Kisii na Nyamira, kabla ya kuwako riwaya ya kisayansi ya Kiswahili. Nabii Sakawa husemwa kuwa alitoweka mnamo 1902. Kwa mujibu wa masimulizi, alikuwa ametabiri kuja kwa wageni weupe, na kuonyesha mahali huko Getembe ambapo pangejengwa ofisi, hospitali na makao ya askari. Waingereza walifungua kituo chao mwaka 1907, na mji wa Kisii ukakulia hapo.

Mwanahistoria atashuku kwamba utabiri huu ulishonwa baada ya tukio, na ana haki. Hata hivyo, shaka hiyo haimalizi kazi ya mhakiki. Tuutazame msamiati. Fanani asemapo "hospitali" anatumia neno ambalo Sakawa hakuwa nalo. Nabii ameona pasipo jina. Fanani ana jina pasipo kuona, wala hadai kuona: yeye amesikia kwa wazee. Pengo lililo baina yao linazibwa na hadhira, ambayo imepita mbele ya hospitali hiyo na pengine kulazwa humo. Mji mzima unafanya kazi ya yale maua ya Wells. Mdhamini wa usimulizi, basi, ni msikilizaji.

Udhamini huu lakini unahusu yaliyotimia tu. Baadhi ya wafuasi wa dini ya Mumbo katika Gusii walingoja kurudi kwa Sakawa na kuondoka kwa Wazungu. Waliosimulia hayo hawakuwa na mji wa kuonyesha, wala msikilizaji hakuwa na kumbukumbu ya kuwakopesha. Na serikali ya kikoloni, isiyojishughulisha na nadharia ya usimulizi, iliwahamisha baadhi ya viongozi wao hadi pwani. Mkangi anaandika akiwa katika nafasi hiyo ya pili. Msimulizi wake anatueleza jamii ya haki ambayo hakuna msomaji aliyewahi kupita mbele yake, na ndiyo maana twaona kwamba ukimya wake kuhusu chanzo cha maarifa yake, ambao katika utabiri wa Getembe usingeonekana, katika Walenisi unasikika.