Pongezi kwa Mafundi wa Gerezani

Katika vichochoro vya Gerezani, jirani na soko la Kariakoo, wamo mafundi ambao wenye magari aghalabu huwapa ujira na kwenda zao, ilhali walichokingiwa ni moto.

Gari likiletwa linanuka petroli, fundi hodari, kabla hajashika spana, huwasogeza mbali wavuta sigara, hutenga waya wa betri, na hungoja injini ipoe hata mteja akimhimiza. Kwani mvuke wa petroli, ulio mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutuama, nayo cheche moja yatosha. Ndipo hukizungushia kiungo cha bomba la petroli kitambaa na kulegeza nati taratibu, ili msukumo uliosalia bombani upungue, akitumia spana mbili, moja ikizuia na moja ikizungusha, maana bomba jembamba likipindwa hupasuka.

Mpira ulioota nyufa haukazi tena kwa klipu, hila ambayo mimi naiona ni khiyana, bali humtuma kijana dukani alete mpira mwingine, wa petroli hasa, si wa maji, ambao petroli huuvimbisha na kuulainisha. Washa ya shaba iliyokwisha kubanwa hairudishi.

Petroli humchoma mikono yenye michubuko, na harufu yake humfuata hadi nyumbani. Walakini injini ikiwashwa hulala tena chini, hupangusa kiungo, hukipitishia karatasi kavu, na ikilowa hata kidogo, huzima gari na kuanza upya, bila kudai nyongeza.